Kampuni Uliyoichagua kwa Mursik

Mama,

Bwana Kimutai alikuja tena jana. Alivaa tai ileile nyekundu, akakaa kwenye kiti chako, kile cha karibu na mlango, nami nikaudhika kabla hajafungua mdomo. Alisema pole. Chai haijapoa, akaanza kueleza kwamba nafasi yako kwenye kampuni yao ya vidonge iko wazi na kwamba sheria yao inamruhusu mtoto kurithi. Udongo wa kaburi lako bado haujashikana, Mama. Shamba la chai hatujalizungumzia hata kidogo, lakini vidonge vimeshatafutiwa mrithi.

Na si yeye peke yake. Unamkumbuka Mama Njoki, yule mfanyabiashara aliyenipangisha chumba cha kushonea nguo kule Kapsoit? Naye amepata kampuni. Yao inauza sufuria. Anasema kidonge ukishameza hukioni tena, lakini sufuria unaigonga na inalia. Ananitaka niingie chini yake, na niwalete wanawake wako, wale uliowaandikisha kwa Kimutai.

Wanawake wako wenyewe walinizunguka Jumapili nje ya kanisa. Mama Chebet ndiye aliyesema kwa niaba yao: "Sasa wewe ndio uko kwa nafasi ya mama. Ile utachagua, hiyo tunaingia." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni kampuni gani.

Nitakwambia ukweli, nilitamani. Tangu mitumba ijae Kapsoit, hakuna anayeniletea kitambaa. Nabadilisha zipu na kuziba sweta za shule. Na hapa kuna kundi zima la watu linaloningoja niseme tu neno, wakati wengine wanatembea mpaka viatu vinaisha kutafuta mtu mmoja wa kumwandikisha. Nilianza hata kupiga hesabu za sufuria kichwani, pale pale, nikiwa na Biblia mkononi.

Kilichonirudisha nyuma ni kukumbuka jinsi ulivyochagua wewe.

Msimu ule walikuja watatu kukuandikisha, kila mmoja na kampuni yake: mama wa sabuni, kijana wa vichujio vya maji, na Kimutai na vidonge vyake vya kusafisha damu. Kila aliyekuja ulimkaribisha, ukatikisa kibuyu, ukammiminia mursik, maziwa yetu ya mgando. Mama wa sabuni aliona maziwa yana rangi ya mkaa, akasema tumbo lake linamsumbua. Kijana alionja kidogo tu, akakisukuma kikombe mbali. Kimutai alikunywa chote, akapangusa mdomo kwa kiganja, akaomba kingine. Alipotoka nje ukanigeukia ukasema, "Si umeona huyu? Amemaliza yote. Mtu kama huyu hawezi kudanganya watu."

Nilicheka. Nilidhani unatania. Lakini wewe ulikuwa umemaliza kazi ya kuchagua. Kwa malezi yako, mtu akishakunywa mursik ya nyumba yako amekuwa mtu wa nyumba, na mtu wa nyumba hakugeuki. Ulichosahau ni kwamba Kimutai naye amezaliwa huku huku. Alijua vizuri kuliko wewe kikombe kile kina kazi gani. Naambiwa amekunywa mursik Konoin yote, boma kwa boma, na kila mahali anaomba cha pili.

Halafu mkaifanya biashara ile kwa njia yenu ya kusaidiana kuchuma chai, leo shamba la huyu, kesho la yule. Wiki moja wote mnanunua mikebe ya vidonge kwa Mama Chebet, wiki inayofuata wote mnanunua kwako. Vidonge vilizunguka hapa kwetu Kimulot mikononi mwenu bila kumfikia mteja hata mmoja wa nje. Mlikuwa mnauziana wenyewe kwa wenyewe, na Kimutai akawasifu kwa umoja wenu! Ningecheka mpaka leo, ila mikebe ile ilibidi mtu aimeze.

Ulimeza wewe, Mama. Siku ile nilipokuja nyumbani nikakuuliza kama umeenda kliniki ya presha Kaplong, ulikuwa umeinama unachambua mboga, wala hukuinua macho. "Zile za hospitali nimezipumzisha kidogo," ukasema. "Hizi zinatosha." Umezipumzisha! Utadhani ni ng'ombe wa kulima. Nilikupigia kelele, nikalia, nikakutisha kwamba nitakuja na daktari. Uliniambia mashine ya kushona imenifundisha kelele, kisha ukanipa mboga nipeleke jikoni.

Ulianguka katikati ya mistari ya chai, kikapu kikiwa mgongoni. Mchungaji alisema umeitwa. Watu wote mpaka leo wanasema uliondoka ghafla, na mimi nimenyamaza, kwa sababu kwetu aliyekufa hasemwi vibaya, na pia kwa sababu nilitaka uwe na kifo kizuri ambacho watu wanaweza kukiimbia.

Jana Kimutai alipoondoka nilienda kwa Mama Chebet. Nilimwambia sichagui vidonge wala sufuria, na wao wasiingie popote. Alinitazama kwa huruma. "Kama ni mzigo kwako, usijali," akasema, "sisi tutaendelea na Kimutai. Yeye ni mtu wa nyumbani." Alikuwa amekaa na miguu juu ya kigoda. Imevimba, Mama. Nikamuuliza kuhusu kliniki. Akatabasamu vile mnavyotabasamu nyinyi wote mkifikiri mimi ni mtoto, akasema amezipumzisha pia, kwa sababu wewe ndiye uliyemwonyesha.

Nilitembea kurudi nyumbani sioni njia. Nilikukasirikia. Bado nimekukasirikia, na nimekukosa.

Jumamosi watakuja hapa nyumbani, maana wengine bado wanangoja kusikia nimechagua nini. Nimetafuta maneno mengine ya kuwazuia, sina. Nikisema kampuni ni mbaya, watasema ni maneno ya mtu wa town. Nikimsema Kimutai, watakumbuka vikombe alivyomaliza. Kitu pekee watakachosikia ni wewe. Kwa hiyo nitasimama mbele yao niseme: Mama hakuitwa. Mama aliacha dawa ya presha akameza hivi vidonge, na ndivyo alivyokufa.

Shangazi ameshanionya kwamba nikifungua mdomo nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Amesema jina la mama halianikwi mbele ya majirani. Labda hatakanyaga tena hapa. Labda na wanawake wako watanichukia, maana walikupenda kuliko walivyompenda mchungaji, na mimi nitakuwa nimewaambia kwamba uliwaonyesha njia mbaya.

Lala sasa, Mama. Chai yako naichuma, kaburi nalipalilia. Siku ya kliniki nitampeleka Mama Chebet Kaplong, hata kama itabidi nimvute mkono njia nzima. Jumamosi nitalivunja jina lako mbele ya watu waliokupenda. Kwao sitaomba msamaha. Kwako naomba.

Mwanao