Chale Nilizozikana Mbele ya Madaktari

Shule ya Msingi,
Ushirombo,
kupitia Kahama.
9 Oktoba, 1983.

Mpendwa dada yangu Lukresia,

Shikamoo. Naiandika salamu hii mapema na kuiacha isimame peke yake, kwa sababu imepita miaka mitatu tangu nikuamkie mara ya mwisho, na sina hakika kama utaiitikia.

Hujambo huko Morogoro? Shemeji Otmar hajambo na kazi ya reli? Miguu yake iliyokuwa ikivimba akishinda amesimama kazini imepata nafuu? Na Alois, niliyemwacha darasa la tano akinishinda kwa hesabu za kichwa, sasa lazima ni kijana mwenye ndevu. Nimesikia kwamba presha imekuanza. Habari hiyo niliipata kwa mnunuzi wa pamba aliyepita huko kwenu, na iliniuma kuipokea kutoka kwa mtu baki. Punguza chumvi, dada, na usibebe maji kichwani kama bado unabeba.

Huku kwetu mvua za kwanza zimeonja ardhi zikaondoka. Sabuni hakuna, sukari ni hadithi, na mafuta ya taa tunayapanga foleni tangu alfajiri. Haya unayajua, maana najua huko nako ni hivyo hivyo. Kaburi la mama nililipalilia mwezi wa nane. Nilipalilia nimekaa chini, nikijisogeza kwa makalio, kwa sababu siwezi tena kuinama.

Generosa alikwenda kwao Geita tangu Pasaka kumuuguza mama yake. Mama yake alipona mwezi wa sita. Generosa bado yuko kule. Sitaki uniulize, nawe ukimwandikia usimuulize. Watoto wetu wapo naye huko. Kwa hiyo nyumba hii ya walimu ninaishi mwenyewe na vitabu vyangu, na jioni nafungua redio nikabishana nayo. Kuna siku nilimjibu mtangazaji kwa robo saa nzima, hoja baada ya hoja, nikamshinda kabisa. Kisha betri zikaisha, nikabaki nimesimama katikati ya chumba kidole kikiwa hewani.

Unanijua. Nimegombana na paroko kuhusu michango, nimegombana na wenye duka la ushirika, nimegombana na mwalimu mkuu. Katika mengi nilikuwa na haki, na bado nasema hivyo. Lakini haki haimfungulii mtu mlango wala haimwulizi ameamkaje.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, nalo ni mguu wangu wa kushoto.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka vitani mwaka 1979. Wewe ndiye uliyenipokea pale lori la jeshi liliponishusha, na wewe ndiye uliyenibeba nusu ya njia. Gari letu la mgambo lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani, ng'ambo ya Kagera, nikarushwa nikaangukia mgongo. Sikutoka damu hata tone. Waliokuwa karibu nami walikuwa wamekatika, basi kwenye hema la matibabu niliona aibu kujipanga nao. Niliondoka bila kuandikwa jina. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na kama yote mengine nililifanya kichwa kikiwa juu.

Mguu ule sasa unakauka. Paja limekuwa jembamba kama la mtoto, na unyayo hauinuki, nauburuta. Kandambili inachomoka mguuni, nami najua nikishafika mbele hatua ishirini, nikiona ninakanyaga vumbi la moto nisilolihisi. Daktari nitakayekutajia amesema kuna upasuaji unaoweza kuuokoa, lakini hospitali kubwa tu ndiyo inaufanya, na muda unahesabika kwa miezi. Serikali itanipeleka na kunitibu iwapo bodi ya madaktari itakubali kwamba ulemavu huu niliupata vitani. Isipokubali, mimi ni mwalimu mgonjwa kama wagonjwa wengine, nitasubiri zamu yangu, na mguu hautasubiri.

Bodi ilinipima mwezi wa nne. Mwezi wa sita ikajibu kwamba ugonjwa wangu ni wa zamani, kabla ya vita, na kwamba dai langu halina msingi.

Dada, niliwaka. Niliandika kurasa nne. Niliwaambia kwamba nchi inawapenda wapiganaji wake wakiwa kwenye gwaride, ikiwaona kwenye magongo inageuza uso. Niliwaambia kwamba anayepima na anayeamua wasile sufuria moja, na kwamba kila aliyeumia ana haki ya kupimwa na daktari asiyemtegemea mwamuzi kwa mshahara wala kwa cheo. Hayo nayaamini mpaka sasa. Daktari wao nilimwita karani wa mauti. Hilo nimelijutia.

Walinijibu kwa mistari mitatu: nikiwa na maoni ya daktari mwingine niyalete, pamoja na ushahidi wowote, kabla ya mwisho wa Novemba.

Basi nikapanda lori juu ya marobota ya pamba hadi Kahama, nikalala mtaa wa Nyasubi, kesho yake nikafika hospitali ya misheni kwa Daktari Gregory. Ni mtu wa makamo, mfupi, anaongea polepole kama anayehesabu vidonge. Nilimpa bahasha. Ndani nilikuwa nimemwandikia maoni yake yote tayari, kwa hati nzuri, ili yeye atie sahihi tu.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Mwalimu, hii ni hotuba nzuri sana. Mgonjwa yuko wapi?"

Nikamwambia mgonjwa ni mimi.

"Basi vua shati ulale pale. Mimi siandiki unachotaka wewe, na siandiki wanachotaka wao. Naandika ninachokiona. Kikikuumiza, utakuwa umekuja mwenyewe."

Alinipima asubuhi nzima. Alinichoma kwa pini kutoka pajani hadi vidoleni, akanipiga picha ya eksirei, akaishika dirishani na kunionyesha pingili ya uti wa mgongo iliyovunjika ikajiunga vibaya. Halafu akachukua rula, akaanza kupima chale zilizo kiunoni mwangu. Moja moja. Nikamwuliza, kwa ukali, ananipima kama kitambaa cha suruali?

"Nyamaza, nitakosea." Akaandika. "Mtoto akichanjwa, kovu hukua naye, hutanuka, hupotea mstari. Hizi zimekaa sawasawa kama zilivyokatwa. Zilikatwa ukiwa mtu mzima. Sasa nieleze hapa." Akafungua nakala ya taarifa ya bodi, akanisomea kwa sauti: mgonjwa mwenyewe amekiri kwamba alitibiwa maumivu haya ya kiuno kwa chale tangu utotoni.

Ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimesahau kabisa, dada, au nilikuwa nimejisahaulisha.

Siku ile ya bodi, pembeni ya madaktari aliketi katibu mmoja niliyewahi kumwumbua kwenye mkutano wa hadhara hapa Ushirombo, tukibishana juu ya waganga wa jadi. Nilisema siku hiyo kwamba mtu aliyesoma akiinamia wembe wa mganga, shule yake irudishe ada. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sasa daktari wa bodi anapandisha shati langu, anaona safu mbili za chale, anauliza, "Hizi za lini?" Na katibu yule ananyoosha shingo kuangalia. Nikasema, "Za utotoni. Wazee wetu walikuwa gizani." Tukacheka wote, na karani akaandika.

Kwa kicheko kile nikauza mguu wangu. Nikauza na jina la Nyamizi, aliyenichanja, na jina lako wewe uliyenipeleka kwake.

Daktari Gregory hakunicheka. Aliuliza tu, "Nani alikuwepo?" Nikamtajia mganga, nikamtajia wewe. Akasema ataandika kwamba mfupa ulivunjika kwa kishindo nikiwa mtu mzima, na kwamba chale si za utotoni. "Lakini mwaka sioni kwenye mfupa," alisema. "Mwaka uko kwa watu. Tafuta aliyekuona ukiondoka wima na ukirudi umepinda."

Niliporudi nilikwenda kwa Nyamizi, mwendo wa saa moja ambao sasa ni wa saa tatu. Nilimkuta binti yake Mbuke anapepeta mtama. Nilimwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, akaitikia bila kuinua macho. Nyamizi alifariki mwaka jana, wakati wa palizi. Sikuambiwa. Nani angeniambia?

Nilimweleza shida yangu. Mbuke akaweka ungo chini.

"Mwalimu, si wewe uliyeandika gazetini kwamba mama yangu anakula uchungu wa wagonjwa?"

Nikasema ni mimi.

"Tulisomewa. Mama alisema mwacheni, kiuno chake kitamrudisha. Sasa umerudi, naye hayupo. Nikusaidie na nini? Mimi nilikuwa nimeolewa Kishapu wakati huo. Nikisema nilikuona nitakuwa mwongo, na waongo kwenye jambo hili mnatosha."

Kisha akanipa kiti, akanipa na uji, kwa sababu aliona nisingefika nyumbani. Niliunywa wote. Na nilipoondoka aliniaga vizuri. Hilo ndilo lililonivunja, kuliko maneno.

Sasa nifike kwako, dada, ambako ningepaswa kuanza.

Habari ile ya gazeti niliiandika miezi sita baada ya wewe kunipeleka kwa Nyamizi. Niliandika juu ya "kina dada wajinga wanaowaburuta wagonjwa kwenye wembe badala ya hospitali". Sikukutaja. Haikuhitajika, wewe ulijua, na pale parokiani walijua. Na ukweli ni kwamba hospitali ulinipeleka kwanza, siku mbili tukalala barazani, dawa hakuna, tukarudishwa. Wembe ulikuja baadaye, mimi nikilia usiku na mchana, na ni mimi niliyekuambia nipeleke popote. Ulinishika mabega ili nisitikisike. Ulifunga macho ili usione damu, nikahisi machozi yako yananidondokea shingoni. Hayo yote nayakumbuka vizuri, na niliyakumbuka vizuri nilipokuwa naandika. Nilikuwa naona haya kuwa mtu aliyebebwa. Nikatafuta wa kumpiga, nikampiga aliyenibeba.

Mlipohamia Morogoro hamkuja kuniaga. Nilisema kwa watu kwamba Otmar alipewa uhamisho wa ghafla. Mara ya pili nililisema bila mtu kuniuliza.

Bila shaka umeshaona ninachokiomba. Wewe tu ndiye uliyebaki duniani unayeweza kusema yote kwa pamoja: kwamba mnamo Novemba 1978 niliondoka nikitembea wima, nikarudi mwaka uliofuata siwezi kusimama, na chale hizi zilikatwa mwezi gani, wapi, na kwa nini. Ukiandika, utahitaji kuapa mbele ya hakimu wa huko na kutia sahihi. Najua wewe ni mwenyekiti wa kina mama wa parokia yenu, na sijui kama uliwahi kumwambia Otmar au paroko wenu habari za Nyamizi. Sitakudanganya kwamba karatasi hiyo itabaki ndani ya jalada. Karatasi hutembea.

Kwa sababu hiyo sikutaka nikuombe uvuliwe nguo hadharani wakati mimi nimejifunika. Jumatatu iliyopita niliiandikia bodi barua ya ukurasa mmoja. Nimesema kwamba mimi, Ansgar, niliwadanganya; chale ni za mwaka 1979, nilizipata kwa hiari yangu, na nilizikana kwa kiburi. Nimetia sahihi na kuipeleka posta mwenyewe. Nakala nimewapelekea wale wa gazeti waichapishe wakitaka. Mwalimu mkuu ameisoma, ameniambia nimejichimbia kaburi: mtu aliyekiri uongo mmoja, bodi itasema yote ni uongo, hata picha ya eksirei. Huenda ana haki. Siku hizi huwa namwachia awe na haki mara moja moja.

Basi usiandike kwa kunionea huruma, wala usinyamaze kwa kuogopa kuniumbua. Hilo limekwisha. Amua kwa sababu zako. Ukiona heshima yako huko ni bora kuliko mguu huu, sitaandika neno lolote dhidi yako, si gazetini wala mahali pengine, na shikamoo yangu itabaki palepale.

Nisalimie shemeji Otmar, umwambie namwomba radhi kwa niaba ya kalamu yangu. Nisalimie Alois, na shangazi Mektilda akija kuwatembelea. Mungu akutulizie damu mwilini, akupe usingizi wa kutosha, na akuwekee nyumbani kwako watu wa kukuitikia.

Lakini, dada, usiniache bila jibu. Kama huwezi kuandika ushahidi, andika matusi. Unayajua mengi, na yote nimeyastahili. Yaandike kwa jina langu la nyumbani, lile alilonipa mama, ambalo Generosa hakulizoea na watoto hawalijui. Tangu ulipoondoka hakuna mtu aliyeniita hivyo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Ansgar