Mto Unaorukwa na Mbuzi

Baba Ouma,

Mimi mzima, ila baridi inanila vidole. Hiki kijiji cha Ufaransa ambako Ouma anataka kununua nyumba, meya alinitembeza chote kabla chai haijapoa. Akanionyesha mto wao kwa maringo. Nikasema, "Mto huu, mbuzi wetu wa Nyamasaria anauruka huku anatafuna." Ouma akakataa kutafsiri.

Mbele ya kanisa kuna jiwe la vijana wao waliokufa vitani. Majina ni mengi kuliko watu niliosalimia. Nikamwuliza Ouma, "Na wewe hapa atakuzika nani?"

Jioni akaniuliza kama nyumba yake ya ujana bado imesimama hapo bomani. Nimemwambia imesimama. Sasa Baba, ezeka hilo paa, usingoje nirudi. Na ule samaki, si chai tupu.

Mama Ouma wako