Benchi la Baba Halikaliki

Kwa mdogo wangu Wafula,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Sirisia. Mimi ni mzima, ila joto la huku Uarabuni linatukausha kama mahindi juu ya turubai. Goti la Mama linasemaje siku hizi? Na mtoto wenu, ameshaota meno? Nijibu hayo kwanza, maana ukishasoma yanayofuata najua hutakuwa na haraka ya kuniandikia.

Barua hii inaletwa na mwenzangu wa Kitale anayekuja likizo. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu nikianza tu habari ya benchi unasema, "Dada, network," halafu unapotea.

Huku bado tunashona sare za hospitali. Wiki nzima nakaa kwa stuli isiyo na mgongo, kichwa kimeinamia cherehani. Ijumaa tukitoka, mimi sitafuti duka wala pa kupigia picha. Natafuta mahali pa kuegemea tu. Unakumbuka nilivyokusimulia viti vya barabarani vya huku: vyembamba, vimeinama mbele, na katikati wametia chuma ili mtu asijinyooshe. Ukikaa kidogo unaanza kuteleza, unasimama mwenyewe bila kufukuzwa na mtu. Nilikuambia kwa uchungu, hawa watu wametengeneza kiti cha kutukataza kukaa. Wewe ukacheka, ukauliza, "Ati upana wake inchi ngapi?" Nikakwambia tisa, kwa sababu nilikuwa nimepima. Nikafikiri unanihurumia.

Sasa turudi kwa benchi letu, lile nililokuagiza litengenezwe kwa kumbukumbu ya Baba. Si ulikuwepo nilipompima Mama kabla sijasafiri? Nilimkalisha na malapa yake miguuni, nikampima kama mtu ninayemshonea rinda. Kutoka nyuma ya goti hadi chini, inchi kumi na sita. Nikakuandikia: kimo kumi na sita, upana kumi na sita, mgongo ulale nyuma kidogo, na pembeni kuwe na mikono ya kujisukumia akiinuka. Mimi nilianza na cherehani ya kukodi kwenye veranda ya mtu pale Kitale, na mwalimu wangu alikuwa nguo zilizorudishwa na wateja. Mwili wa mtu naujua.

Na ulijua kwa nini nilitaka likae pale langoni kwa dispensari. Baba alilinda lango la dispensari hiyo mpaka akazeeka. Alipewa kiti kimoja, na sikumbuki kumkuta amekikalia. Kila nikipita kimekaliwa na mjamzito au mzee wa watu, naye amesimama kando na rungu lake, anasema, "Mimi nimechoka kukaa." Kukaa gani, bana.

Uliponitumia picha nilifurahi sana. Rangi ya kijani, maandishi meupe: "Kumbukumbu ya Mzee Barasa. Karibu uketi." Mama amesimama kando ya benchi. Nikadhani amesimama kwa ajili ya picha.

Ni yeye aliyenifumbua macho bila kujua. Siku ya kliniki nilimpigia, nikamuuliza kama amekaa vizuri. Akaniambia, "Mwanangu, ni zuri kwa macho. Lakini linanimwaga. Nimekaa hapa kwa jiwe, usijali."

Nikampigia Fundi Masika aliyelichomelea, nikamwomba apime. Kimo, inchi ishirini na mbili. Upana, tisa. Mbele kumeinama inchi mbili. Mgongo hakuna, mikono hakuna, na katikati kuna chuma. Nikamwomba apime tena. Fundi wa watu akaniuliza kwa heshima, "Kwani nilikosea, madam? Si hivyo ndivyo mnakaa huko Uarabuni? Ndugu yako alisema ni vipimo vyako, tena vya kisasa. Hata mimi nilishangaa, nikasema labda huko watu ni warefu."

Kwa hivyo soko zima linajua hivyo. Mjamzito akiteleza pale, anayelaumiwa ni dada wa Uarabuni.

Na nilipokubana ulijibu nini? "Dada, elewa. Wagonjwa wangegeuza mbele ya duka langu sebule. Wanakaa tangu asubuhi, hata soda hawanunui." Sawa, duka lako linatazama lango. Kama hukutaka benchi hapo ungesema, ningelipeleka kanisani. Lakini ulichukua kilio changu ukakifanya kipimo, halafu ukamwekea Mama yetu. Hapo ndipo uliponiumiza. Wenye viti vya huku hawanijui. Wewe unanijua.

Sasa sikiliza. Siku ya kliniki inayokuja, funga duka, umpeleke Mama wewe mwenyewe. Yeye mtolee kiti cha dukani. Wewe ukae kwa benchi mpaka aitwe ndani, na usisimame. Halafu umwite Fundi Masika akate miguu ya hilo benchi, apanue pa kukalia, atoe hicho chuma, atie mgongo na mikono. Kama hutaki, basi apake rangi juu ya jina la Baba, libaki benchi la duka lako. Baba hawezi kumwambia mtu karibu uketi, halafu amsukume.

Msalimie wifi, umwambie nguo za mtoto nimeshazikata, bado kushona. Shangazi wa Malakisi aliyetulea Baba alipokuwa zamu za usiku, mwambie nauliza hali yake. Fundi Masika mwambie sina neno naye. Mama usimsomee barua hii, mpe salamu zangu tu.

Ndani ya bahasha kuna tepu yangu ya Kitale, ile ya njano iliyofifia namba. Kwenye kumi na sita nimeitia uzi mwekundu ili usiseme hukuona. Hapo ndipo miguu ya Mama inagusa chini.

Dada yako aliyekubeba mgongoni,
Nasimiyu