Nakala za Majivuno Yangu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako mwenye kitambi na, tangu Jumanne, mwenye haki. Mwambie shemeji apunguze chumvi, daktari hakumtania.

Tumeshinda kesi! Wakili wa serikali alidai kamati ya uteuzi iliniruka katika cheo cha mkuu wa masjala kwa sababu jalada langu halikuwa na hata fomu moja ya tathmini. Watu wakacheka: miaka ishirini natunza majalada ya ofisi nzima, kumbe langu ni tupu! Lakini karani haruhusiwi kufungua jalada lake mwenyewe, ningejuaje? Ndipo wakili wangu akatoa zile nakala za fomu zangu za tathmini nilizokuwa nakutumia kila mwaka kwa kujisifu, nawe ukazitunza. Jaji alizisoma zote, hata pale ulipoandika pembeni, "Haya, tumekusikia." Ahsante, dada. Bila wewe ningekuwa nimekwisha.

Jaji amefuta uteuzi, usaili utarudiwa. Aliyevuliwa cheo ni mama tunayekaa naye meza moja. Siku mbili hakuitikia salamu yangu. Leo amekuja na fomu mbili za maombi.

"Kaka, umeniaibisha mchana kweupe."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ningekuwa wewe ningeshtaki mapema zaidi. Jaza hii. Nataka nikushinde kihalali."

Tumejaza pamoja. Safari hii nikishindwa sitakuwa na wa kumshtaki, na nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi.

Ndimi mdogo wako, bado karani.