Goti la Kushoto la Miraji

Barabara ya Kumi na Moja,
Ngamiani, Tanga.
4 Julai 1956

Kwa binamu yangu Uweso, kipa wa wanyonge,

Salamu nyingi. Sisi hapa tu wazima, hofu ni kwako huko kwenye miiba ya mkonge. Mama yako, shangazi yangu Mboni, hajambo. Nyumba ni moja, chungu ni kimoja, na bado ananinyima ukoko akisema ni wa Uweso, wakati Uweso mwenyewe hata Ijumaa haonekani.

Nisikufiche, nimekuandikia ili nijisifu. Ligi imefika nusu na Nyota yetu ni ya tatu. Timu nne za juu ndizo zitakazoingia duru ya mwisho, na tangu mimi na wewe tulipokuwa tukipiga mpira wa matambara, Nyota haijawahi kufika huko. Mwaka huu hata wazee wa mtaa wananiwahi kwa salamu. Wanasema Miraji akiwa mzima mpaka Septemba, tumefika.

Nyinyi Mkonge ni wa tano, na tarehe kumi na nne mnakuja kwetu. Usidhani nimesahau ulivyotukimbia ukaenda kumdakia mzungu kwa ahadi ya kazi ya ufundi. Nitakufunga mpaka uombe kurudi mjini kuuza visheti. Na huna ruhusa ya kununa. Mama yako na baba yangu wametoka tumbo moja, kwa hiyo nina haki ya kukutukana mpaka kaburini, na hata hapo nitamwambia mchimbaji apunguze shimo, maiti mwenyewe mfupi.

Binamu yako,
Miraji


Shamba la Mkonge,
Muheza.
9 Julai 1956

Kwa Miraji, senta fowadi wa jikoni,

Barua yako imenikuta mzima, nayo imenizidishia afya maana nimecheka. Mwamkie mama. Mwambie ukoko auweke, Idi ya Mfunguo Tatu nakuja kuuchukua mwenyewe.

Kuhusu kunifunga, wewe funga kwanza kikoi chako. Hapa kambini nimekwisha kukutangaza. Juzi baada ya mazoezi niliwaigiza wenzangu ulivyokuwa siku ya Idi iliyopita: unainuka mkekani umeshika ukuta, mguu wa kushoto umegoma, kanzu imekuzonga, na bado unamwambia mama yangu kwamba goti ni zima, anayeumwa ni ukuta. Watu walianguka kwa kicheko. Luka, winga wetu, alinisihi niache, mbavu zinamuuma.

Nahodha wetu Kristofa, beki mmoja mtu wa Songea, mpole sana, hakucheka. Aliniuliza tu, "Goti lipi?" Nikamjibu la kushoto, na akitaka nitamletea na la kulia kwenye sahani.

Basi jiandae. Tukionana uwanjani usinisalimie, nitakuwa na kazi.

Binamu yako,
Uweso


Shamba la Mkonge,
Muheza.
18 Julai 1956

Kwa binamu yangu mpendwa Miraji,

Assalaam alaikum. U hali gani? Mguu je? Wamekwambia nini hospitalini? Mama anasemaje?

Walipokutoa uwanjani juu ya kitanda cha kamba nilitaka kuwafuata, lakini lori letu lilikuwa linaondoka na wenzangu wamekwisha kupanda, wanaimba. Tumewafunga mbili bila, sasa sisi ni wa nne na nyinyi ni wa tano. Nami nilikuwa ndani ya lori lile, Miraji. Nilipiga makofi pamoja nao. Kidogo tu, kisha nikaona haya nikaficha mikono.

Idi ni kesho na sitaweza kuja, mashine ya kiwandani ina hitilafu. Nitakie radhi kwa mama. Tafadhali nijibu, hata mstari mmoja.

Binamu yako,
Uweso


Ngamiani, Tanga.
3 Septemba 1956

Kwa Uweso, mkimbia Idi,

Alhamdulillahi mimi mzima, isipokuwa kipande. Samahani kwa kuchelewa kukujibu. Kalamu iko mezani, meza iko mbali, na mguu umepakwa plasta mpaka pajani, mweupe kama ukuta wa msikiti.

Daktari amesema mfupa ulipasuka hapo chini ya goti. Nitatembea. Nilipomuuliza habari ya mpira alitazama dirishani, akauliza kama mvua imeanza. Mama yako ndiye anayeniosha na kunigeuza. Analia akidhani nimelala, kwa hiyo inanibidi nikorome.

Wewe usijitie mawazoni. Ni mpira tu. Ulilolisema kule kambini ulilisema kwa utani, na binamu hakosi. Tangu lini mtu akamshitaki binamu yake kwa maneno?

Habari nyingine ni kwamba Nyota hawajafa. Nafasi yangu kapewa Kombo. Anapiga mpira kama anayefukuza kuku, lakini baadhi ya kuku wameingia golini. Sasa mambo yamebaki hivi: Jumamosi ya tarehe kumi na tano mnacheza na Makorora. Mkishinda au mkitoka sare, nyinyi ndio wa nne. Mkifungwa, duru ya mwisho tunaingia sisi. Mtaa mzima unaomba mfungwe, na mama yako ameitikia amina.

Binamu yako wa mguu mmoja,
Miraji


Shamba la Mkonge,
Muheza.
8 Septemba 1956

Miraji ndugu yangu,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa kila anayekushika mkono kukuinua.

Barua yako nimeisoma nikakosa pa kuuweka uso. Heri ungenitukana kweli. Mashine haikuwa na hitilafu siku ya Idi. Nilishinda chumbani na kanzu yangu mpya, nikiogopa kumwona mama ameubeba mguu wako mapajani.

Unasema binamu hakosi. Kristofa aliponiuliza goti lipi, nilimjibu kwa sababu watu walikuwa wanacheka, nami nilipenda waendelee kucheka. Hilo liite utani ukitaka. Lakini siku ya mechi nilikuwa golini, naona kila kitu. Kila ulipopata mpira alikujia upande wa kushoto. Nilimwona mara ya kwanza nikajua. Mdomo ninao, ningepaza sauti, "Kristofa, acha!" Sikupaza. Tulikuwa tunaongoza, Miraji. Huo haukuwa utani.

Sasa nisikilize. Jumamosi ni mimi niliye golini. Makorora wana winga anaitwa Manase, mashuti yake hata mtu aliyefumba macho anayadaka. Nitaliachia moja. Nyota wataingia duru ya mwisho, nawe utakuwa umefika ulikotaka kufika, japo kwa magongo. Hakuna atakayejua ila mimi na wewe. Usiponijibu nitajua umekubali.

Nifanyie hisani hii uniache nikufanyie jambo.

Binamu yako,
Uweso


Ngamiani, Tanga.
13 Septemba 1956

Ndugu Uweso Hatibu,

Sisi hatujambo. Barua yako imefika leo, nami naijibu leo hii.

Sikutanii. Nina hasira na wewe. Nimekuwa nayo tangu siku ile, nikalala nayo, nikala nayo, nikamchekea mama yako nikiwa nayo. Ulitoa goti langu likachezewe na watu ambao si binamu zangu. Kisha ukaniona naumizwa ukanyamaza.

Na mimi nina langu. Barua yako ya Julai niliipata kabla ya mechi. Nilipofika pale pa "goti lipi" niliogopa. Nilitaka kuomba nipumzishwe siku hiyo. Nikaona aibu, maana ni mwanamume gani anaogopa maneno ya binamu yake? Nikamsomea mama yako, tukacheka sote, nikaenda kuvaa njumu. Ndiyo maana sikukuandikia Julai wala Agosti. Kila nilipotaka kukulaumu niliukumbuka ujinga wangu.

Lakini hilo unalotaka kulifanya Jumamosi si toba, ni kosa la pili. Wenzako wamekimbia msimu mzima, wengine hawana hata viatu. Utawauza ili wewe upate usingizi? Na Nyota unawapa nini? Waingie kwa mlango uliofunguliwa na jamaa yangu mwenye kusutwa na roho?

Daka, Uweso. Daka kila kinachokuja. Tukikosa, tumekosa.

Miraji Sadalla


Shamba la Mkonge,
Muheza.
19 Septemba 1956

Kwa Miraji,

Assalaam alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute na nafuu.

Barua yako imefika Jumatatu. Nilikuwa nimekwenda posta Ijumaa nikaambiwa hamna kitu, nikachukulia kwamba umekubali. Matokeo umekwisha kuyasikia. Moja bila, na Nyota ndio wa nne.

Manase alipiga, mpira ukaja kifuani kwangu, sikuwa na haja hata ya kuruka. Nilifungua mikono. Nilidhani nitapata wepesi, lakini sikupata. Kristofa alikuja akaniinua, akanipangusa mchanga mgongoni, akawaambia wenzetu, "Asimseme mtu. Kipa naye ni binadamu." Luka alikuwa analia waziwazi. Hakuna aliyenisema.

Nilipoimaliza barua yako nilikwenda kwa Kristofa. Nilimkuta anakula. Nikamweleza yote, ya goti na ya Jumamosi. Akausukuma ugali pembeni, akanawa. Nilitegemea ngumi. Akaniuliza, "Habari ya goti, uliniambia ili nilitumie?" Nikasema hapana, nilikuwa namtania binamu yangu. Akasema, "Mimi nililitumia. Nilitaka aniogope tu, asipite upande wangu. Ule mfupa nilipousikia, sijaenda kuungama mpaka leo. Nimekaa nasubiri mtu aniulize, na wote mnanipongeza." Kisha akasema, "Nimemvunja mtu kwa maneno yako, na wewe umetuvunja sisi kwa huruma yako. Twende tukamwambie huyo mwenye mguu."

Jana amewaambia wenzetu. Timu nimetoka, na kazi ya ufundi imekwenda pamoja nayo. Sina la kulalamika.

Tunakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Kristofa ananiuliza kila mara aanze na neno gani, nami sijui la kumwambia, maana langu mwenyewe silijui. Usituambie kwamba ni mpira tu. Utuseme kama ulivyonisema kwenye barua ile, na yeye asikie. Na kama huwezi kututazama, tufukuze. Ila utufukuze kwa mdomo wako mwenyewe, Miraji, usimtume mama mlangoni. Yeye atatukaribisha.

Binamu yako, ukiniruhusu,
Uweso