Nafasi ya Mke kwenye Kadi Yangu

Nyumba za Mama Ciru,
Riruta, Nairobi.
Jumapili ya Matawi, 29 Machi 2026

Mpendwa kaka Mbaluka,

Salamu kwanza, kwa sababu mama alitufundisha kwamba hata mwenye hasira hubisha hodi. Hujambo huko Lodwar? Joto limepungua, au bado mnamwagia sakafu maji ndipo mlale? Nilisikia kifua kilikusumbua Januari, natumaini kimepona kabisa. Huku mvua imeanza, na njia ya kutoka Naivasha Road hadi mlangoni kwetu ni tope tupu. Lakini tuko.

Mama yuko salama kule Kangundo. Goti humsumbua asubuhi, likishapigwa na jua linatii. Alipanda mahindi kabla ya mvua ili awatangulie majirani, unajua mambo yake. Kila wiki ananiuliza kama umepiga simu. Zamani nilikuwa nakutetea. Siku hizi namwambia sijui.

Huenda unashangaa kwa nini naandika barua zama hizi. Tangu tarehe kumi na tisa hupokei simu yangu, na kila ujumbe wangu naona umeusoma. Karatasi haikatwi kama simu. Kesho asubuhi nitaipeleka kwenye basi la Lodwar, nawe utaitwa ofisini kwao uchukue kifurushi. Nakujua, hujawahi kuacha kifurushi kilale.

Kwa kuwa hukufika arusini, acha nikueleze kidogo kuhusu shemeji yako. Godeliva ni wa Bujumbura, ana miaka sita hapa Nairobi, na husuka nywele Kenyatta Market. Ni mtu wa maneno machache na mikono myepesi, na mama alimpenda kabla sijamaliza kumtambulisha. Kwenye picha nilizokutumia amejifunga kitambaa shingoni, nawe uliniandikia kwamba bibi arusi anajua mitindo. Haukuwa mtindo. Ana rovu, na mwezi wa pili daktari alituambia limeanza kubana koo la hewa. Akipanda ngazi pumzi yake inatoa sauti. Daktari anataka apasuliwe kabla ya Juni, na operesheni hiyo si ya kulipwa kwa mchango wa kanisa.

Basi tegemeo letu lilikuwa bima ya kazini kwangu. Pale kiwandani mjini ninapotunza stoo ya karatasi, mfanyakazi akioa anapewa siku thelathini za kumwingiza mwenzake kwenye kadi. Akiingia ndani ya siku hizo, hawaulizi kama alikuja na ugonjwa. Siku zikipita, anangoja mwaka mzima. Tulifunga ndoa tarehe ishirini na nane Februari. Siku ya thelathini ni kesho.

Tarehe nne nilienda naye ofisini ili atie sahihi. Nyawira, yule anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi, alifungua kompyuta, akanitazama, akamtazama Godeliva, akarudi kwenye kompyuta.

"Lakini Muindi, hapa tayari uko na bibi. Anaitwa Kaindi. Na mtoto mmoja. Huyu ni wa pili ama?"

Godeliva alingoja mpaka tukafika chini barabarani, karibu na wale wa kung'arisha viatu, ndipo akaniuliza, "Uniambie ukweli. Mimi niko bibi wa ngapi?" Kwao walimwonya kwamba wanaume wa Nairobi huoa mara ya pili bila kumaliza ya kwanza, akawabishia. Nilimweleza nikiwa nimesimama palepale, na watu wanatupita. Nilimwona anataka kuniamini, na anashindwa.

Nikukumbushe nilichomweleza, maana aliyebebwa hakumbuki urefu wa safari. Miaka mitatu iliyopita Kaindi wako alikuwa mjamzito na wewe umeshaenda Lodwar. Hukupata ruhusa hata ya kupeleka mbuzi wa ntheo kwao Mwala, na bila mbuzi hao Mkamba hajaoa. Nikawapeleka mimi kwa jina lako, mdogo akimsimamia mkubwa, jambo ambalo hakuna mzee angelikataa. Tukapigwa picha, mimi nimeshika kamba, Kaindi amesimama kando yangu. Wiki mbili baadaye ukanipigia ukisema kazi yako ni kibarua kisicho na bima, mkeo atajifungulia wapi, nimwandike kwenye yangu mpaka mtoto azaliwe, kisha utamhamisha.

Nilienda kwa wakili na picha ile nikaapa kwamba Kaindi ni mke wangu kwa mila ya Kikamba, na kwamba mbuzi wamefika. Hukunishika mkono nikiandika. Uongo ule niliuapa mimi, na nilijua ni uongo. Niliufanya kwa sababu wewe ndiye uliyenilipia Kidato cha Nne ukauza baiskeli yako, na sikuona ningekunyimaje. Wavinya akazaliwa salama, nami nikafurahi kana kwamba nimefanya jambo jema.

Kila Januari fomu za bima zikirudi nilikuuliza kama sasa utamchukua mkeo. Kila Januari uliniambia bado ni kibarua, bado hakuna bima, vumilia ndugu yangu. Nikatia sahihi mara ya pili, ya tatu, na ya nne.

Jioni ya tarehe nne nilikupigia. Nilikwambia kinachotakiwa ni kiapo tu cha kusema kweli, chako au cha Kaindi, ili jina lake litoke la Godeliva liingie. Ulisema nisiguse chochote, nisimwambie Kaindi, nikupe wiki mbili, kwani Wavinya ana pumu na akitolewa ghafla atakosa dawa. Kwa ajili ya mtoto nilinyamaza. Siku zangu nazo zikaendelea kupungua.

Wiki hizo mbili nilizitumia kutafuta bima nyingine. Bima ya serikali inahitaji kitambulisho cha mgeni, na cha Godeliva kimeisha muda, kipya bado kinangojwa. Mjini niliingia ofisi tatu. Ya kwanza walitaka kujua kibali chake cha kukaa. Ya pili walinipa bei ambayo ni zaidi ya kodi yetu. Ya tatu walikuwa wapole, wakatupa chai, mpaka Godeliva alipofungua kitambaa. Nilimwona mke wangu akikifunga tena polepole, mbele ya watu waliokuwa wanatabasamu dakika moja iliyopita.

Mwisho nilimwendea ajenti mmoja Kinoo, anaitwa Jamleck, ana kiofisi juu ya duka la dawa za mifugo. Huyo angalau alinipa ukweli. "Mzee, nikikuuzia hii nitakuwa nakuibia," alisema. "Hiyo shingo hawatailipia mpaka mwaka uishe. Rudi kwa kazi yako, hiyo ndiyo itakusaidia."

Sasa tufike tarehe kumi na tisa, siku uliyoacha kupokea simu. Nilikuwa nje ya saluni Kenyatta Market nikimngoja Godeliva. Nilikueleza nilikopita kote, na wewe ukacheka kwa upole, ukasema kwa moyo mweupe kabisa, "Wacha kujisumbua. Nitumie kitambulisho yake nimweke kwa bima yangu kama bibi yangu. Huku niliandika sijaoa, hiyo nafasi iko tu."

Nilikuuliza bima hiyo unayo tangu lini. Ukasema, "Huu ni mwaka wa pili." Hapo ndipo ulipojisikia ulichotamka. Nikakuuliza kwa nini uliandika hujaoa, ukasema hiyo ni hadithi ndefu, na simu ikakatika. Haijarudi mpaka leo.

Mbaluka, tangu siku hiyo nalizungusha jambo hili kichwani na halitulii. Miaka miwili una kadi yenye nafasi ya mke, na mkeo yuko kwenye kadi yangu. Ulikuwa tayari kumwandika mke wangu, lakini wako ulikataa kumwandika. Mimi niliapa uongo kwamba nimeoa, wewe ukaandika uongo kwamba hujaoa, na wote wawili tukamfanyia mwanamke mmoja. Watu husema ndugu ni kufaana, si kufanana. Sisi tunafanana sura mpaka sauti, na nilidhani na lile lingine tunalo. Umeniumiza. Sijui namna nyingine ya kuliandika.

Kama huko kuna mwingine, sikuulizi. Hilo si langu. Nilichokataa ni kuendelea kumficha mkeo jambo hili, kwa hiyo Jumamosi ya tarehe ishirini na moja nilienda Kinoo kumwona Kaindi.

Nilimkuta kwenye kibanda chake, anamkatia mteja sukuma wiki. Nilimweleza yote, bila kukupamba na bila kukuchafua. Aliniuliza swali moja tu. "Aliacha wazi ama aliandika hajaoa?"

"Aliandika hajaoa."

Alimaliza kukata, akamfungia mteja, akampa chenji, ndipo akaketi kwenye kreti. "Angeacha wazi," alisema, "ningesema alisahau."

Jumatatu niliingia kwa Nyawira nikafunga mlango nikamwambia ukweli wote, pamoja na picha na mbuzi. Hakunipigia kelele. Aliniambia mambo ni mawili. Kaindi akiapa kwamba hakuwahi kuwa mke wangu, jina lake litatoka na la Godeliva litaingia siku hiyohiyo, kwani Godeliva hana kosa. Kuhusu mimi niliyeapa uongo, kuna kikao Jumatano hii. Naweza kuonywa, naweza kufukuzwa. Nikifukuzwa kadi nayo inakwenda, kwa hiyo uone ninavyolala. Godeliva anajua. Alisema afadhali tupoteze kadi kwa ukweli kuliko aipate kwa jina la mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya wale wang'arisha viatu alinishika mkono.

Kaindi alikuja mjini Ijumaa bila kuombwa mara ya pili. Alivaa ile suti yake ya kijani ya kanisani, akamleta Wavinya, akanunua maandazi ya kumtuliza. Alikuwa ameshajisajili kwenye bima ya serikali, yeye na mtoto, kwa hiyo ile hofu yako ya dawa za pumu ilitatuliwa na mama mwenyewe, asubuhi moja. Wakili akamwandikia kwamba hakuwahi kuolewa na Muindi. Kisha akauliza, kama si wa Muindi, basi ni mke wa nani, maana kiapo lazima kieleze.

Kaindi akasema, "Andika hakuna."

Mimi nikadakia. Nilimwambia, shemeji, aandike Mbaluka, huo ndio ukweli, mbuzi walienda kwa jina lake, mimi ni shahidi. Kaka, hata siku hiyo bado nilikuwa upande wako.

Akaniambia, "Muindi, yeye ameshaandika hajaoa. Mimi ni nani nimpinge kwa kiapo?" Akatia sahihi, akamfuta Wavinya mdomo, wakaondoka kurudi Kinoo.

Jina la Godeliva liliingia saa kumi jioni. Nakala ya kiapo cha Kaindi nimeikunja ndani ya barua hii, uisome mwenyewe usije ukasema nimekusingizia.

Mama hajui bado, na sitamwambia mimi. Ukimpigia, mwambie wewe. Anakusalimu, na anakuombea kila jioni kwa jina, akianza na lako kwa sababu ndiwe mkubwa. Godeliva anakusalimu pia; nilimwambia si lazima, akasema salamu ni salamu. Wavinya anakutumia picha ya gari aliyoichora, anasema ni la kukuleta. Kwa Kaindi sina salamu ya kukupa. Nilimwuliza nikuambie nini, akasema kwa wakili alishasema.

Mungu akulinde huko mbali na akutie nguvu ya kusema ukweli.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bado, na hapo ndipo panaponiuma,

Muindi