Mjomba, Kwa Mvua Umenishinda

Chumba cha Madereva,
Depo ya Mabasi.
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mkaza mjomba hajambo? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Dada yako, yaani mama yangu, presha imeshuka ila ulimi umepanda.

Najua umeshangaa kupata barua. Kupiga simu nimeona haya. Mara ya mwisho tulikuwa tunatazama mbio za magari, kila mtu kwake, simu sikioni, na mvua inanyesha kule uwanjani. Ukasema yule anayeongoza atateleza, kwa sababu gari lake linavuna umeme kwa nguvu mno kila anapoachia mafuta. Nikakujibu kwamba wewe uliishia kwenye kabureta, mambo ya betri uwaachie waliozaliwa juzi. Kisha nikakata simu. Lile halikuwa neno la kumwambia mtu aliyenifundisha kushika usukani. Nisamehe, Mjomba.

Sasa sikia yaliyonikuta. Basi langu jipya ni la umeme. Ukiachia pedali ya mafuta, maana tunaiita hivyo ingawa mafuta hayamo hata tone, mota inageuka dainamo: inayazuia magurudumu ya nyuma na kurudisha umeme kwenye betri. Kuna swichi ya kuchagua nguvu yake, moja mpaka tatu. Hapa depo wakabandika ubao wa kuonyesha nani kavuna umeme mwingi wiki hii. Wenzangu walikuwa wanaupita wakienda kunywa chai. Mimi, mgonjwa wa mbio, nikaona jukwaa la washindi. Wiki tano nilikuwa wa kwanza, swichi iko tatu, jua liwake, mvua inyeshe. Mkufunzi alishatuonya kwamba kukiwa na maji barabarani turudi moja. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumanne ikanyesha ile ya kumwaga. Nilikuwa na abiria thelathini na moja, na mama kiti cha mbele, anatoka kliniki. Kwenye mteremko, pale barabara inapokata kona kando ya ukuta wa shule, nikaachia pedali kama kawaida yangu. Magurudumu ya nyuma yakakabwa, mkia wa basi ukaanza kwenda zake kuelekea ukutani.

Mguu ulishainuka kwenda kwenye breki. Hapo nikakumbuka ulivyokuwa unamfokea yule dereva wa kwenye televisheni: "Usilikabe, liachie lipumue!" Basi sikukanyaga breki. Nikaigusa pedali ya mafuta kidogo tu, magurudumu yakazunguka, nikaufuata mkia kwa usukani, basi likanyooka. Kati yetu na ukuta pangepita kiganja, Mjomba, na kiganja chenyewe kimelazwa.

Hakuna aliyeumia. Mama akatengeneza mtandio wake akasema, "Siku hizi unaendesha kama kaka yangu." Nikacheka. Nilipofika kituoni ikanibidi nisimame dakika kumi nikisingizia mlango umegoma.

Kesho yake nikaenda mwenyewe kwa meneja nikamweleza yote. Alinisema, na haki yake, akanipumzisha siku mbili. Kisha akaja na bisibisi akaung'oa ule ubao. Wenzangu wameniuliza nilijuaje la kufanya, nimewaambia nina mjomba mmoja mbishi kupita kiasi.

Mama sijamwambia tulikuwa karibu kiasi gani. Nakuambia wewe, kwa kuwa ni dada yako, na kwa kuwa bila ubishi wako leo ningekuwa ninakuandikia barua ya namna nyingine. Asante. Nimelisema mara moja tu hapa, lakini tangu Jumanne nalisema kutwa.

Msalimie sana mkaza mjomba, na yule binamu yangu seremala, mwambie kabati lake bado limesimama. Mungu akuzidishie umri, akupe barabara kavu, na goti lisikusumbue.

Barua hii niliianzia depo, naimalizia nyumbani. Naishia hapa, maana nimeunguza maziwa, na mama anakuja chumbani akinifokea tangu koridoni. Leo sitamjibu. Nitakaa nimsikilize mpaka amalize mwenyewe.

Ni mimi mpwa wako mkaidi, akupendaye.